Saa Moja Nyuma

Nsimire, huku jua hutangulia.
Kadutu mkiamka, Tandika wameshafagia nyua,
wameshachemsha maharage, wameshagombana na kupatana,
na mimi saa yangu ya mkononi sijaigusa.
Bado inasoma Bukavu.

Njia nzima nilijidanganya,
ziwani nikitapika, kwenye basi la Kigoma nikisinzia:
naenda nchi ya watu, lakini lugha ni yetu.
Lugha, mdogo wangu, ndiyo iliyonizuia mlangoni.

Niliomba sombe.
Muuza mboga akanitazama kama niliyeomba kipande cha mwezi.
Nikaonyesha kwa kidole.
"Aa, kisamvu! Sema kisamvu, dada."
Nikauliza makuta ngapi,
kijana wake akageuka kutazama ukuta.
Nikamwambia wa bodaboda anifuate siku ya posho,
akataka kujua posho inatolewa wapi
na kama mtu anakuja na kitambulisho.
Jumamosi, nikasema. Jumamosi.
Neno lilinikaa mdomoni kama jino la kubandika.

Chumba ni cha Bi Sikudhani.
Alitaka kodi ya miezi sita, nikampa ya mitatu na uso wa huruma.
Maji ya kisima yana chumvi:
blauzi ya kazini nimeifua mara tatu,
povu limegoma,
na chai, hata ukiizidishia sukari, inakumbuka kisima.
Lile blanketi la mama, nililolibeba milima yote ile,
nimelikunja, limekuwa mto.
Hapa usiku haupoi. Unapunguza sauti tu.

Serikali ya mtaa waliniandika kwenye daftari.
Jina? Nabintu.
Maana yake?
Mwenye vitu, nikasema.
Karani akaangalia kibegi changu kimoja,
mkanda wake umekatika, nimeufunga kwa kamba ya katani,
tukacheka wote wawili, kisha akagonga muhuri.

Kazini Kurasini wananilipa kwa ajili ya Kifaransa.
Mabati, betri za sola, marobota ya mitumba,
yote yanapita mezani kwangu yakielekea nilikotoka,
na mimi, kwenye mstari wa *mwisho wa safari*,
naandika Bukavu.
Bukavu. Bukavu. Juzi niliiandika mara kumi na moja
kabla ya chakula cha mchana,
ya kumi na mbili nikaenda kunawa uso.

Kuna mtoto hapa uani, Shamte, mjukuu wa Bi Sikudhani.
Siku ya kwanza alinijia, kichwa chini: "Shikamoo."
Nikamjibu jambo.
Hakuondoka.
Alisimama palepale akingoja,
kama mtu ambaye hajarudishiwa chenji.
Nikampa pipi. Akaipokea, akaendelea kungoja.
Bibi yake ndiye aliyenikopesha neno kutoka dirishani,
taratibu, kama anayemwaga mafuta kwenye chupa:
ma-ra-ha-ba.

Tangu hapo Shamte ndiye anayeniingizia umeme.
Tarakimu ishirini, mimi nasoma, yeye anabonyeza,
nikikosea analia "Ah, mama mkubwa!"
tunaanza upya gizani,
saba, sifuri, sifuri, tatu.

Leo alfajiri aligonga mlango kabla sijaamka vizuri.
"Shikamoo!"
Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukajibu.
Akakimbia zake. Nikasikia ndala zikipiga saruji
mpaka bombani.

Nilikaa kitandani muda, nimeshika saa.
Nilitaka kuigeuza, kile kitufe cha pembeni nimekivuta kabisa,
kisha nikafikiria jikoni kwenu,
wewe umelala mguu mmoja nje ya shuka,
nikakirudisha.

Usiniulize kama nimezoea.
Nikitaka kujua ni saa ngapi, naangalia yenu,
naongeza moja.